Toleo Gani Linaingia Kwenye Mashine Yako? Mwongozo kwa Anayeanza Linux

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mezani kwangu hapa Ngamiani laptopu zinapishana kama baiskeli. Nyingi ni za mtumba, nzima kabisa, ila Windows 11 inazikataa: ama hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0, ama prosesa yake ni ya zamani mno. Mwenye mashine anaambiwa na jirani, "Weka Linux, ni bure." Anaweka. Siku ya tatu yuko mlangoni. Programu moja imegoma kuingia, ya pili imeingia lakini haifunguki, ya tatu imeingia ikang'oa nyingine mbili zilizokuwa zinafanya kazi vizuri.

Namuuliza alipakua toleo gani. Jibu huwa lile lile: "Jipya kuliko yote."

Hapo ndipo kosa lilipo, na mtu wa Tanga hahitaji darasa refu kulielewa. Reli yetu inayotoka hapa kwenda Korogwe hadi Moshi ina upana wa milimita 1,000. Ya TAZARA ni 1,067. SGR inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma ni 1,435. Zote ni reli, zote ziko Tanzania, lakini chukua behewa jipya la SGR, linalonukia rangi, ulilete stesheni ya Tanga uone kama litatembea. Programu za Linux nazo hujengwa kwa upana wa reli fulani. Swali la kwanza si "jipya ni lipi?" Swali ni "mashine yangu iko juu ya reli gani?"

Hatua ya kwanza: ifahamu mashine kabla ya kupakua chochote

Unahitaji mambo mawili tu: prosesa ni ya biti 32 au 64, na RAM ni kiasi gani. Kama tayari uko ndani ya Linux, hata ile inayoendeshwa kwenye flashi bila kusakinishwa, fungua teminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

uname -m
lscpu
free -h

Ya kwanza ikijibu x86_64, mfumo uliomo ni wa biti 64 na mashine pia. Ikijibu i686 usikate tamaa mapema, kwa sababu huenda mtu aliweka mfumo wa biti 32 kwenye mashine ya biti 64. Jibu la lscpu ndilo la kuamini: penye mstari wa aina za uendeshaji, ukiona 32-bit na 64-bit pamoja, mashine inamudu zote mbili. Ya tatu inakuonyesha RAM.

Kuna mzee mmoja mwenye stationery ambaye nilimwekea mfumo, akarudi jioni amenuna.

"Mwanangu, umeniwekea ya AMD. Mimi mashine yangu Intel, kibandiko hiki hapa."

"Mzee wangu, jina tu hilo. AMD ndio waliotangulia kutoa mpango huu wa biti 64, Intel wakaufuata, na jina likabaki la aliyetangulia."

Hakuridhika mpaka nilipoiwasha mbele yake. Kwa hiyo lishike hili: faili lenye amd64 ni lako hata kama prosesa ni Intel. Lenye i386 ni la biti 32. Lenye arm64 ni la vifaa kama Raspberry Pi, liache.

Hatua ya pili: chagua mzizi

Majina ya Linux ni mengi mpaka yanachosha. Kwa anayeanza, mizizi miwili inatosha: Debian, iliyoanza mwaka 1993, na Ubuntu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2004 ikiwa imejengwa juu ya Debian. Linux Mint nayo imejengwa juu ya Ubuntu. Ni babu, mtoto na mjukuu. Wanafanana sura, lakini usifikiri viatu vya mmoja vinamwenea kila mtu nyumbani.

Namba za Ubuntu zinasomeka kama tarehe. 22.04 ni mwaka 2022, mwezi wa nne. 24.04 ni mwaka 2024, mwezi wa nne. Matoleo ya Aprili ya kila mwaka wa shufwa ndiyo ya kudumu, yenye herufi LTS, na hupewa miaka mitano ya marekebisho ya kawaida. Yaliyo katikati, kama 23.10 au 24.10, hupewa miezi tisa basi. Hayo ndiyo matoleo ya waja leo waondoka leo. Mpenda majaribio atayafurahia, lakini wewe mwenye kazi ya watu mezani utajikuta unahama nyumba kila baada ya miezi michache. Chukua LTS.

Mint yenyewe inafuata LTS tu: Mint 21 na ndugu zake hadi 21.3 wamekaa juu ya Ubuntu 22.04, na familia ya Mint 22 imekaa juu ya 24.04. Debian huhesabu kwa namba nzima, 12 ikatoka Juni 2023 na 13 ikatoka Agosti 2025, kila moja ikiwa na jina la mhusika wa filamu ya katuni ya Toy Story. Ukikuta Debian yenye neno testing au unstable, pita kando kwa sasa.

Unataka nikuchagulie? Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4: Linux Mint yenye Xfce, desktopu nyepesi. Yenye GB 8 na kuendelea: Mint yenye Cinnamon, desktopu nzito kidogo, au Ubuntu yenyewe ukipenda sura yake. Angalia na bando pia. Faili la kusakinishia Mint lina karibu GB 3, la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa siku, tofauti hiyo ni ya chakula.

Mashine ya biti 32 kweli kweli ina njia nyembamba. Debian 13 haina tena kisakinishi cha biti 32, kwa hiyo Debian 12 ndiyo ya mwisho kwenye ukoo huo, na huduma yake ya muda mrefu inaishia katikati ya 2028. Baada ya hapo mashine hiyo iache ifanye kazi bila intaneti.

Laptopu mpya sana ina tatizo la kinyume. Hapo toleo la zamani ndilo linaloweza kukuangusha, kwa sababu draiva za Wi-Fi na za skrini zimo ndani ya keneli, kiini cha mfumo. Ubuntu 22.04 ilizaliwa na keneli 5.15, wakati 24.04 ilizaliwa na 6.8. Kifaa kilichotengenezwa baada ya keneli yako huenda kisitambulike. Jaribu kwanza kwa flashi: ikiwaka, Wi-Fi ikaona mitandao na sauti ikatoka, ndipo usakinishe.

Hatua ya tatu: andika jina la reli chini ya laptopu

Mfumo ukishaingia, andika:

cat /etc/os-release

Tafuta VERSION_CODENAME, na kwenye Mint tafuta pia UBUNTU_CODENAME. Ubuntu 22.04 inaitwa jammy, 24.04 inaitwa noble, Debian 12 ni bookworm, 13 ni trixie. Kwenye Mint 22 utakuta majina mawili, wilma la Mint na noble la Ubuntu. Hapa wageni wengi hujikwaa: maelekezo ya kuongeza ghala la nje (hazina ya mtandaoni ya vifurushi vya programu) yanaiuliza mashine jina lake, mashine inajibu "wilma", na ghala halijui wilma ni nani, linarudisha kosa la 404, yaani hakikupatikana. Hakuna kilichoharibika. Weka noble mahali pa wilma.

Mimi huandika kwenye karatasi ya gundi: "Mint 22, noble, amd64", naibandika chini ya laptopu. Wateja wananicheka. Lakini mteja akinipigia simu kutoka Muheza, namwambia aigeuze anisomee, na nusu ya kazi imeisha.

Hatua ya nne: anza na ghala la mfumo wenyewe

Aliyezoea Windows ana mkono mwepesi wa kufungua kivinjari na kutafuta faili la kupakua. Uzuie mkono huo. Mfumo wako una ghala lake lenye maelfu ya vifurushi, na vilivyomo vimejengwa na kujaribiwa kwa pamoja kwa ajili ya toleo lako. Suala la kuoana limeshamalizwa kabla hujaliuliza.

Kujua ghala lina toleo gani la programu, iulize apt, kisakinishi cha mfumo wako:

apt policy libreoffice-writer

Utaona mstari wa kilichosakinishwa na mstari wa kinachopatikana, na chini yake anwani ya ghala pamoja na lile jina la reli. Kwenye jammy utaona LibreOffice 7.3, kwenye noble 24.2. Usistuke na mruko huo, waliacha kuhesabu kwa zamani wakaanza kuhesabu kwa mwaka na mwezi.

"Lakini hiyo 7.3 ni ya zamani, si hatari?" Swali zuri. Katika matoleo ya kudumu, tundu la usalama likigunduliwa, watunza ghala huchukua kiraka chake wakakishona kwenye toleo lile lile la zamani. Namba ya mbele haibadiliki, zinabadilika tarakimu za mwishoni mwishoni. Ndiyo maana programu inayoonekana ya kale inaweza kuwa salama kuliko mpya uliyoipakua mwenyewe mwaka jana ukaisahau.

Kwa hiyo kabla hujatafuta toleo jipya, jiulize unataka kitu gani ambacho la ghalani halina. Kitaje. Ukikosa jibu, bakia hapo hapo.

Hatua ya tano: unapohitaji jipya kweli

Hili nitalieleza kwa gharama niliyoilipa mwenyewe.

Nilikuwa na kazi ya kuhariri video ya harusi ya Makorora. Mashine yangu ilikuwa Mint 21, yaani jammy, na Kdenlive ya ghalani ilikuwa 21.12. Mwenzangu aliyepiga picha alianza kazi kwenye 23.08 akaniletea faili la mradi. Mafaili ya miradi husafiri vizuri kutoka programu ya zamani kwenda mpya. Kurudi nyuma ni bahati nasibu, na yangu haikutoka. Nikaona nijifanye fundi: noble inayo 23.08, basi nikauongeza mstari wa ghala la noble kwenye mashine ya jammy. Nikaandika amri ya kusakinisha. Ikaja orodha ndefu, ikaniuliza kama niendelee. Nikabonyeza Y bila kusoma.

Kdenlive ile ilitaka maktaba za noble, yaani vipande ambavyo programu nyingi huvitumia kwa pamoja. Maktaba za noble ziligombana na za jammy zilizokuwa zimeshikilia kila kitu, na apt, kwa utiifu wake, ikaanza kuzing'oa za zamani. Desktopu ikaenda nazo. Nilipowasha upya nikapata skrini nyeusi na maandishi meupe. Bibi harusi alisubiri video siku nne zaidi, na mama yake ana ulimi.

Njia iliyo salama ina ngazi, panda moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni Flatpak. Kifurushi cha namna hii huja na maktaba zake, kama msafiri mwenye sufuria na mkaa wake: anapika bila kugusa jiko lako. Kwenye Mint imo tayari, kwenye Ubuntu utaisakinisha kwanza, au utumie Snap ambayo ndiyo ya kwao. Kazi yangu ingemalizwa na mstari huu mmoja:

flatpak install flathub org.kde.kdenlive

Ubaya wake ni bando. Programu ya kwanza huvuta msingi wa mamia ya megabaiti. Zinazofuata zikitumia msingi ule ule huwa nyepesi.

Ngazi ya pili ni AppImage, faili moja unaloliruhusu kuendeshwa kisha unabofya. Likigoma kwenye Ubuntu 22.04 au Mint 21, mara nyingi linakosa kifurushi cha libfuse2. Kwenye noble kifurushi hicho kinaitwa libfuse2t64.

Ya tatu ni ghala la nje la watengenezaji wenyewe, lakini liwe limetaja reli yako kwa jina. Kama ukurasa wao unaorodhesha focal (Ubuntu 20.04) na jammy peke yake na wewe uko noble, maana yake bado hawajakujengea.

Faili la .deb la kupakua mkononi ni la mwisho. Ukilazimika, lisakinishe kwa apt ili itafute tegemezi zake, huku ukianza na nukta na mkwaju:

sudo apt install ./jina-la-faili.deb

Hatua ya sita: fanya mazoezi kabla ya mechi

Amri ambayo ingeniokoa siku ile:

apt-get install --simulate kdenlive

Haisakinishi kitu. Inakuonyesha tu ingefanya nini. Soma yote ukilitafuta neno REMOVED, yaani vitakavyong'olewa. Lisipokuwepo, endelea. Likiwepo na chini yake kikiwemo kifurushi kimoja unachokijua kuwa kinabadilishwa na kipya, tafakari. Ukiona orodha inatiririka na ndani yake kuna cinnamon, xfce4, ubuntu-desktop au python3, toka hapo. Hakuna programu inayostahili bei hiyo.

Makosa mawili yanayoonekana ya kutisha

La kwanza linasema GLIBC_2.38 haikupatikana, au namba inayokaribiana na hiyo. Glibc ni maktaba ambayo karibu kila programu inaiegemea. Jammy ina 2.35, Debian 12 ina 2.36, noble ina 2.39. Ya kwako utaiona kwa:

ldd --version

Kanuni yake inakwenda upande mmoja: programu iliyojengwa kwa glibc ya zamani huendeshwa kwenye mpya, ila iliyojengwa kwa mpya haishuki kwenye ya zamani. Usijaribu kuibadilisha glibc peke yake. Ni sawa na kung'oa msingi wa nyumba huku watu wamelala ndani. Tafuta toleo la programu lililojengwa kwa reli yako, au rudi kwenye Flatpak.

La pili ni programu inayodai libssl1.1. Hiyo ilijengwa enzi za Ubuntu 20.04. Kuanzia 22.04 tulihamia OpenSSL 3. Utaambiwa, "chukua tu libssl1.1 kwenye ghala la zamani uiweke." Itaingia, na programu itafunguka. Lakini waliotengeneza OpenSSL 1.1.1 waliacha kuihudumia Septemba 2023, nayo ndiyo inayolinda mawasiliano yako ya siri. Watafute watengenezaji wa programu, huenda walishatoa toleo jipya muda mrefu.

Python na printa

Wanafunzi wananijia na Python kila muhula. Mwalimu ametaja namba fulani, mashine ina nyingine: jammy ina 3.10, Debian 12 ina 3.11, noble ina 3.12. Kijana mmoja aliona njia fupi ni kuifuta iliyopo ili aweke ya mwalimu. Sehemu kubwa ya desktopu inaitegemea Python hiyo hiyo, ikaondoka nayo. Python ya mfumo ni ya mfumo. Ya kwako itengenezee chumba chake:

sudo apt install python3-venv
python3 -m venv somo
source somo/bin/activate

Humo weka utakacho. Na pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, ikikugomea nje ya chumba hicho kwa kusema mazingira yanasimamiwa na mwingine, haijaharibika, inakulinda. Tofauti ya 3.10 na 3.12 kwa masomo ya mwanzo mara nyingi huwezi hata kuiona.

Printa ni habari ya wenye stationery. Baadhi ya HP LaserJet, kama P1102, zinahitaji kiongezi kinachopakuliwa pembeni, na namba yake lazima ifanane na ya HPLIP, programu ya kuendeshea printa za HP, iliyomo: 3.21.12 kwenye jammy, 3.23.12 kwenye noble. Ndiyo maana printa iliyokuwa inachapa vizuri hunyamaza baada ya kupandisha toleo la mfumo. Endesha hp-plugin upya, itatafuta chenye namba inayolingana.

Ukiwa na mashine zaidi ya moja

Ziweke zote kwenye toleo moja. Ukiwa na nne za noble, amd64, unapakua mara moja na kusambaza kwa flashi:

sudo apt-get install --download-only inkscape

Tumia apt-get hapa, si apt, kwa kuwa apt ikishasakinisha huvifuta vifurushi ilivyopakua. Vitakuwa ndani ya /var/cache/apt/archives. Vinakili vyote, nenda mashine ya pili, fungua folda hiyo kwenye teminali na:

sudo apt install ./*.deb

Hili linawezekana tu mashine zikiwa pacha. Changanya jammy na noble kwenye flashi moja uone.

Siku ya kuhama

Ubuntu huhama kutoka LTS moja kwenda inayofuata, bila kuruka. Aliye 20.04 anapita 22.04 kwanza ndipo afike 24.04. Mwaliko wenyewe huja likishatoka toleo dogo la kwanza, lile lenye .1 mwishoni, ambalo kwa 24.04 lilitoka Agosti 2024. Subiri mwaliko huo. Wasio na subira ndio wanaowasaidia wenzao kugundua makosa, Mungu awabariki.

Kabla ya kuanza, chukua picha ya mfumo kwa Timeshift, ambayo Mint inayo tayari, na ukumbuke kwamba kwa kawaida yake haigusi nyaraka zako. Hizo zinakili kwenye diski ya nje. Betri ya laptopu iwe imejaa na inakaa na chaji kweli; kama imekufa, fanya kazi hiyo kwenye UPS au usiifanye. Umeme ukikatika katikati ya kubadilisha maktaba, utabaki na mashine ambayo nusu ni jammy na nusu noble.

Ukifika upande wa pili utakuta maghala yote ya nje yamezimwa. Kisakinishi kimefanya hivyo makusudi. Usiyawashe kwa mkupuo: chukua moja, hakikisha limeshajenga kwa jina la reli mpya, badilisha jina, fanya mazoezi kwa --simulate, ndipo uende kwa linalofuata. Halafu geuza laptopu, bandua karatasi ya zamani, uandike nyingine.